Kabla ya Kuskani Makabrasha ya Fundi

Ofisi ikihama au fundi mkongwe akistaafu, kompyuta zake huweza kupata mnunuzi Luthuli Avenue jijini Nairobi, lakini makabrasha hupimwa kwa kilo pamoja na magazeti. Hasara kubwa iko hapo. Woksteshoni (kompyuta zenye nguvu za kazi za kitaalamu) za Sun, Silicon Graphics au DEC za miaka ya 1980 na 1990 bado zinatengenezeka mikononi mwa fundi mwenye mchoro wa saketi. Asiye nao anabahatisha. Usimtegemee mtengenezaji. DEC ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, Silicon Graphics ikafilisika 2009, na Sun ikachukuliwa na Oracle 2010.

Kwa hiyo anza kwa kuchambua. Vitabu vya mtumiaji vilichapwa kwa wingi, vinaweza kungoja. Tanguliza vilivyoandikiwa mafundi wa kampuni pekee: michoro ya bodi, taarifa za hitilafu, hatua za kupima volti. Mimi hutanguliza zaidi kurasa zilizoandikwa kwa mkono pembezoni, kwa kuwa aliyeandika pale alikuwa na mashine mbovu mbele yake, na alichokigundua hakimo kwenye kitabu chochote. Skani kwa rangi hata kama chapa yote ni nyeusi, la sivyo penseli itapotea. Piga picha kabrasha lilivyo kabla hujatoa stepla, maana mpangilio wake nao ni taarifa. Karatasi za faksi hufifia, zisingoje zamu.

Sasa mipangilio ya skana, na hapa usiwe na haraka. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kuwa baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zikibadilisha tarakimu, 6 ikageuka 8. Mbinu ya kubana faili iitwayo JBIG2 ilichukua alama zinazofanana ikaweka moja mahali pa nyingine. Ukurasa ulitoka safi, hakuna ukungu wa kukutahadharisha. Resista ya 680 ikisomeka 880, atakayeumia ni fundi wa miaka ishirini ijayo. Hifadhi nakala kuu kwa TIFF, aina ya faili ya picha, isiyopoteza kitu, nukta 300 kwa inchi kwa maandishi na 600 kwa michoro. PDF iwe ya kusomea tu.

Kama mashine yenyewe bado inawaka, chukua namba zake leo. SPARCstation za Sun huweka utambulisho na anwani ya Ethernet ndani ya chipu yenye betri iliyofungiwa humo humo. Betri ikifa, namba zinafutika. Kwenye alama ya ok, ambapo mashine hungoja amri kabla ya kupakia mfumo, andika banner, namba zitaonekana, uzinakili kwenye kabrasha la mashine hiyo.

Masika yakikaribia, masanduku yasikae sakafuni. Skana na diski viwe kwenye UPS (betri ya akiba), stima ikipotea usipoteze faili katikati. Weka nakala tatu, moja nje ya Nairobi, na kila faili iwe na SHA-256 yake, alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili yenyewe, ya kukagua baadaye kama imebadilika.

Kuhifadhi si ruhusa ya kusambaza: hakimiliki bado ina mwenyewe. Majina ya wateja, simu na nywila yafunike kwenye nakala utakayompa mtu mwingine, kwa heshima yao na kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Nakala kuu isiguswe. Makaratasi yenyewe yasitupwe baada ya kuskaniwa, hadi mtu wa pili awe amelinganisha kila mchoro na picha yake.