Miche ya bei ya chini mwishoni mwa masika

Mvua za masika zinapokaribia kukatika, mwezi Mei, wenye vitalu wengi hupunguza bei ya miche ya maembe, parachichi na michungwa iliyobaki, kwa kuwa hawataki kuimwagilia kiangazi kizima. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila mnunuzi asivutwe na urefu, kwani mche mrefu uliokaa mno ndani ya kiriba mara nyingi mizizi yake imejizungusha chini kama kamba, na hali hiyo huendelea kuusumbua hata baada ya kupandwa shambani. Inua kiriba utazame kitako chake. Ukiona mzizi mnene uliotoboa nailoni, ukaingia ardhini na kukatika mche ulipoinuliwa, uache, hata ukiongezewa mwingine bure.

Majani yaliyopauka hayanitishi sana, maana mara nyingi ni njaa tu ya udongo uliochoka, nayo hutibika kwa samadi iliyooza vizuri. Wa kuogopwa ni wadudu weupe wanaofanana na pamba chini ya majani, ambao watahamia kwenye miti yako mingine. Kwa mche uliobebeshwa, yaani shina la mche mmoja lililoungwa juu yake kikonyo cha aina nyingine, tafuta kovu la kiungio na uhakikishe kwamba matawi yanatoka juu yake, kwa sababu machipukizi ya chini ni ya shina lililobebeshwa, wala hayatazaa tunda ulilolilipia. Na ikiwa maji ya kumwagilia hadi mvua za vuli ni ya kuteka kwa ndoo, chukua miche miwili au mitatu tu.