Kabla Masika Hayajafika: Maandalizi ya Wakazi wa Kando ya Ziwa Naivasha

Ziwa Naivasha halina mto unaotoka. Malewa na Gilgil huingiza maji, na ziwa huyapoteza kwa jua au kwa kupenya chini ya ardhi. Huko kupenya chini ndiko kunakoyafanya yabaki matamu wakati jirani yake Elementaita ni ya magadi. Lakini taka na tope havipenyi. Vikishaingia, vinakaa. Na kwa kuwa mvua za Machi husomba kila kilichoachwa juu ya ardhi, kazi yetu sisi wakazi ni ya Januari na Februari, udongo ukiwa bado mkavu.

Anza na choo. Karibu na ziwa, maji ya chini ya ardhi hayako mbali, na ziwa likijaa nayo hupanda. Shimo lililochimbwa kiangazi huonekana refu, kisha Mei unafunua kifuniko na kukuta maji yanameta karibu na mdomo. Ziwa lilipovamia mtaa wa Kihoto mwaka 2020, na tena 2025, mafuriko hayo hayo yaliyoingia vyumbani yalipita vyooni pia. Ita lori la kunyonya maji taka sasa, kabla njia hazijageuka tope na kabla mtaa mzima haujalihitaji siku moja. Muulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Asipotaka kujibu, tafuta mwingine, maana huenda mzigo wako ukaishia kwenye mtaro unaoteremka ziwani. Shimo ambalo halitumiki tena lifukie. Anayejenga upya ainue choo kwa mawe na saruji, na akiweke mbali na kisima.

La pili ni mafunjo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Maji yanaposhuka, tope jeusi linalobaki ukingoni lina rutuba ajabu, na namwelewa kabisa mtu anayekata mafunjo na kuyachoma ili apande sukuma wiki na nyanya. Hata hivyo, nenda ukasimame ukingoni asubuhi baada ya mvua kubwa. Mahali palipofyekwa, maji ni mazito, rangi ya chai ya maziwa, mpaka mbali. Palipo na mafunjo, mkondo hupunguza kasi kati ya mashina, udongo unatulia chini, na mizizi inanyonya sehemu ya mbolea iliyokuwa ikielekea ziwani. Kwa hiyo usifyeke yaliyopo, na palipokwisha fyekwa, paache yarudi. Shamba likiwa juu kidogo, acha ukanda wa nyasi upande wa ziwa, na usitie mbolea wingu likiwa limetanda.

Kabla ya kununua kiwanja au kusogeza ua, uliza Mamlaka ya Rasilimali za Maji mpaka wa ziwa uko wapi. Usitazame maji yalipo leo. Waulize wazee waliokuwapo ziwa lilipojaa kabisa, na uwaombe wakuonyeshe kwa kidole yalipofika.

Gugumaji lilifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakati wa kulikabili ni likiwa bado kishada kimoja kwenye ghuba, kwani kwenye maji yenye joto na mbolea nyingi linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Livuteni kwa pamoja, mlipeleke juu kupita mahali maji yanapoweza kufika, mlianike, kisha mlichanganye na samadi liwe mboji. Likiachwa ukingoni, wimbi la kwanza linalirudisha. Msilinyunyizie dawa kwa uamuzi wenu, kwa sababu majani yakifa kwa wingi huoza, na kuoza kunakula hewa ya samaki. Tunakumbuka Februari 2010, mvua kubwa ilipofuata ukame mkali: samaki walielea wamekufa, na oksijeni majini ilikuwa imeshuka sana.

Punda na mikokoteni ya maji ioshwe mbali na ziwa, na sabuni imwagwe kwenye udongo. Wanaokwenda kuvuta gugumaji waende mchana, kwa kikundi, na mmoja asimame juu kuangalia viboko.

Jambo la mwisho halina gharama, na ni watu wachache wanaolifanya. Chukua sahani nyeupe, itoboe, ifunge kamba yenye fundo kila sentimita kumi na uzito mdogo chini yake. Mtu wa mashua aishushe saa sita mchana, mahali pale pale kila wiki, mpaka isionekane, kisha ahesabu mafundo yaliyozama. Andika idadi na tarehe daftarini. Asubuhi na mapema, kabla jua halijachomoza, tazama pia kama samaki wanahema juu ya maji. Mafundo yakipungua wiki baada ya wiki, yaani maji yanazidi kuwa mazito, na samaki wakianza kuhema, peleka daftari kwa kamati ya ufuo na kwa ofisi ya uvuvi siku hiyo hiyo.