SOMO: Kupika agari ya m-FC bila kuiharibu (someni kabla ya kuniuliza)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Maalim, mbona sahani zangu hazioti kitu?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

m-FC ni agari (chakula kigumu cha kuoteshea vijidudu) ya kutafutia kolifomu za kinyesi, yaani bakteria wa matumboni, kwenye maji. Chumvi za nyongo zilizomo huvibana vijidudu visivyozoea tumbo, na joto la nyuzi 44.5 huviondoa vingi katika vilivyobaki. Vinavyopona hula laktosi (sukari ya maziwa), hutoa tindikali, na koloni zao, yaani vifundo vinavyoota, huwa buluu.

1. Sampuli: chupa tasa, sanduku la barafu, ifike maabara ndani ya saa 6.

2. Pima unga kama kopo linavyosema. Makopo hayafanani.

3. Kupika. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilipoanza kazi nilizoea kila kitu kinaingia otoklevu (chungu cha mvuke wa presha cha kuulia vijidudu): nyuzi 121, dakika 15, kwisha. Na hii nikaitia. Kesho yake sahani sita za maji ya visima ziko safi kama kanzu ya Ijumaa, nami nikaandika sifuri huku nacheka. Mzee mmoja wa maabara akasoma, akaniuliza: "Kisima hiki si kile kilichopakana na choo?" Akachukua sahani iliyobaki, akapaka E. koli (kolifomu wa kinyesi) tunayemfuga kwa majaribio. Naye hakuota. Nilirudia sampuli zote, nauli mfukoni mwangu.

Kwa hiyo: HAIINGII OTOKLEVU. Wala presha kuka. Koroga kwenye moto hadi ichemke. Tia mililita 10 za asidi ya rosoliki ya asilimia 1 kwa kila lita, chemsha dakika moja zaidi, epua. Rosoliki huyeyushwa katika sodiamu haidroksaidi ya 0.2 N, si maji matupu. Rosoliki hiyo ikae gizani ndani ya friji, mwisho wiki 2. Ule wekundu wake mzito ukigeuka rangi ya tope, mwaga hata kama ni ya juzi. Na kila mpiko mpya, sahani moja ipakwe E. koli anayejulikana. Hiyo usiifanyie ubahili.

4. Ipoe chini ya nyuzi 50, mimina.

5. Chuja mililita 100 za sampuli kwa utando wa mikromita 0.45. Ulaze juu ya agari bila povu la hewa chini yake.

6. Ndani ya nusu saa iwe kwenye joto: 44.5, isipande wala kushuka zaidi ya 0.2, saa 24.

7. Hesabu za buluu tu. Za kijivu na krimu ziache. Sahani ya kuaminika ina 20 hadi 60.

MASUALI

Kijana wa Mkoani: Maalim, nikikosa muda naweza kuitia otoklevu japo dakika 5?
— Rudi namba 3.

Kijana wa Mkoani: Nimeuliza tu.
— Nami nimejibu tu.

Binti Wete: Shikamoo maalim. Buluu zote ni E. koli?
— Marahaba mwanangu, hilo ndilo suali. Hapana. Klebsiela, bakteria wengine, nao wamo wanaostahimili joto hilo. Chukua koloni, ioteshe kwenye maji ya triptoni, kisha tia matone ya kemikali ya Kovaksi. Pete nyekundu juu ni dalili nzuri ya E. koli. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100.

Msafiri: Maji ya bomba kwetu daima sifuri, mashallah.
— Chupa ina sodiamu thiosulfati ya kuzima klorini? Kama haina, klorini imeendelea kuua njia nzima kutoka Micheweni hadi Chake. Sifuri hiyo ni ya chupa, si ya bomba.

Mama Juisi: Na juisi ya miwa inachujwa vivyo hivyo?
— La, dada, makapi yataziba utando. Izimue mara kumi, mililita 1 kwenye sahani, mwagia agari ya VRBA (humo kolifomu huota waridi), ikiganda funika kwa tabaka jengine jembamba. Lakini sukari ya miwa huwapa rangi ya waridi hata vijidudu wasiokula laktosi, kwa hiyo usiamini rangi kabla ya kuthibitisha. Barafu unayotia pia ipime: iyeyuke ndani ya chupa tasa, usiishike kwa mkono.

Kijana wa Mkoani: VRBA inaingia otoklevu?
— Haiingii.