Kabla ya kipimo cha PET: mambo yanayoweza kupotosha namba ya SUV

Kwenye ripoti ya PET (picha za mwili zinazoonyesha dawa yenye mionzi iliyochomwa imekusanyika wapi) ya mgonjwa wa saratani kuna namba inayoitwa SUV. Inaonyesha uvimbe umefyonza kiasi gani cha FDG, yaani glukosi yenye mionzi ya florini-18, kwa kuzingatia dozi aliyochomwa mgonjwa na uzito wake. Daktari huitumia kupima kama dawa inafanya kazi. Namba hiyo huyumba kwa mambo yasiyohusiana na saratani hata kidogo, na mengi yanazuilika mapema.

Sukari kwanza. FDG huingia kwenye seli kwa njia ileile ya sukari ya kawaida, kwa hiyo damu ikijaa sukari, uvimbe hupata FDG kidogo na huonekana mpole kuliko ulivyo. Ndiyo maana unaambiwa usile kwa angalau saa 4, na vituo vingi husema 6. Maji matupu yanaruhusiwa, tena unywe ya kutosha. Pipi na bigijii zina sukari, ziache. Sukari ikizidi milimoli 11 kwa lita, mara nyingi kipimo huahirishwa.

Mwenye kisukari asisubiri siku yenyewe. Insulini ya haraka ikichomwa karibu na muda wa FDG huisukuma kwenye misuli, mapaja yang'ae kwenye picha huku uvimbe umefifia. Metformini nayo hung'arisha utumbo. Piga simu mara tu unapopewa miadi, upangiwe ratiba ya dawa. Usiziache wala kuziongeza kwa uamuzi wako.

Siku moja kabla, usilime, usibebe ndoo za maji, usifanye mazoezi. Misuli iliyochoka hufyonza FDG. Baridi nayo ina madhara yake: mafuta ya kahawia ya shingoni na mabegani huwaka ili kuupasha mwili joto, na yanaweza kufanana na tezi zenye ugonjwa. Anayekwenda Nairobi mwezi wa Julai avae sweta tangu asubuhi. Baada ya sindano lala kimya, simu weka pembeni, maana hata misuli ya koo huonekana ukiongea.

Uzito ndio unaonisikitisha zaidi, kwa kuwa kosa lake ni jepesi kuliepuka. Tuseme mgonjwa alikuwa na kilo 70, baada ya kemo (dawa za kuua seli za saratani) amebaki na 63. Mhudumu akiandika 70 kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye faili, SUV inapanda kwa asilimia 11. Uvimbe ulioshuka kweli kutoka 10 hadi 7 utasomeka 7.8. Vipo vigezo vinavyotaka mshuko wa angalau asilimia 30 ndipo isemwe dawa imeitikiwa, na huyu ataonekana hakufika. Omba upandishwe kwenye mizani siku hiyohiyo.

Sindano ikiuma sana au mkono ukivimba, sema papo hapo. Dozi iliyovuja nje ya mshipa haifiki kwenye uvimbe, lakini hesabu inaichukulia kana kwamba imefika. Kwa wahudumu, saa zote zioane: florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, hivyo tofauti ya dakika 10 kati ya saa ya chumba cha dozi na ya mashine ni kosa la asilimia 6 hivi.

Kwa kipimo cha marudio, jitahidi kurudi kwenye mashine ileile. Uvimbe mwingi huendelea kufyonza FDG hata baada ya saa moja. Ukipigwa picha dakika ya 60 mara ya kwanza na ya 90 mara ya pili, namba inaweza kupanda bila ugonjwa kukua. Wapo waliopimwa India kwanza, kisha wakaendelea Nairobi. Hao wabebe CD ya picha pamoja na karatasi yenye dozi, uzito, sukari, dakika za kusubiri na aina ya mashine, na tarehe za kemo, mionzi au sindano za kuongeza chembe nyeupe za damu, kwani hizo sindano hung'arisha uboho wote.