Boti ya pantoni: ndogo au kubwa? Anza na uzito, si urefu

Wengi huniuliza wanunue boti ya futi ngapi. Mimi huwauliza kwanza: siku ya kawaida mnatoka wangapi? Pantoni ninayoizungumzia hapa si ile ya kuvusha magari, bali ni boti ya matembezi na uvuvi, yenye sitaha bapa iliyokaa juu ya maboya marefu ya alumini, mawili au matatu. Ndogo huwa za futi 16 hadi 20, na kubwa huanzia kama futi 23.

Hatua ya 1: Jumlisha mzigo. Hesabu watu mnaotoka nao mara kwa mara, si wageni wa sikukuu. Watu 6 wa kilo 80 ni kilo 480. Ongeza nanga, kasha la barafu, jaketi okozi na petroli. Kila lita ya petroli ni karibu kilo 0.75.

Hatua ya 2: Pima maboya. Hapa usiwe na haraka, maana wanunuzi wengi huishia kuangalia viti. Boya lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 6 lina ujazo wa kama mita 1.7 za ujazo. Kwa hiyo mawili, yakizama yote kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi), hubeba tani 3.4. Lakini boya likizama lote umeshachelewa! Mimi hutaka nusu yake ibaki juu ya maji, yaani nahesabu tani 1.7 tu. Tuseme boti na injini yake ni kilo 1,100: unabakiwa na kilo 600, na watu wako 6 wanaenea pamoja na vitu vyao. Sasa weka maboya ya sentimita 50, urefu uleule, boti ya uzito uleule. Nusu yake inabeba kama kilo 1,180. Zimebaki kilo 80, uzito wa nahodha peke yake. Ndiyo maana boti fupi yenye maboya manene huweza kuishinda ndefu yenye maboya membamba.

Hatua ya 3: Yajue maji yako. Kwenye mto mpole au ziwa dogo, ndogo inatosha kabisa. Kwenye maji ya wazi yenye mawimbi mafupi yaliyosimama, maboya madogo hulichoma wimbi badala ya kulipanda, na maji huingia sitahani kwa omo, yaani mbele ya boti. Huko tafuta kubwa, na ukiweza, yenye maboya matatu.

Hatua ya 4: Fikiria upepo. Kubwa ina ubavu mrefu na turubai pana, na chini haina mkuku (uti wa chini ya chombo) wa kuishika majini. Upepo wa ubavuni huisukuma kama tanga. Kama mara nyingi utafunga gatini bila msaidizi, kwa kweli ningekushauri ndogo.

Hatua ya 5: Gari. Jumlisha boti, injini, petroli na tela, kisha linganisha na uzito ambao gari lako limeruhusiwa kuvuta.

Hatua ya 6: Ijaribu ikiwa imejaa. Nenda na watu wako wote. Ikiwa bado imefungwa gatini, waombe wasogee omo polepole huku wewe ukitazama maboya kutoka nje. Ncha zikianza kuzama, hiyo ni ndogo kwenu. Soma pia kibao cha uwezo: kikitaja uzito mdogo kuliko hesabu yako, fuata kibao.