Lori kutoka Kisumu hadi Rironi: kupakia, kupima, kuteremka na kuhesabu ada ya barabara

Maelekezo haya ni ya mwenye lori la ekseli 3 (mihimili 3 inayobeba magurudumu), lile la magurudumu 10, linalobeba magunia kutoka Kisumu na viunga vyake kwenda Nairobi. Mwenye lori dogo au trela atayatumia pia akibadilisha tarakimu.

Kwanza barabara yenyewe. Kutoka Kisumu unapita Ahero, Awasi, Kapsoit, Kericho na Londiani Junction hadi Mau Summit, ambako barabara ya Kericho inaungana na barabara kuu ya A8 inayotoka Malaba na Eldoret. Kuanzia hapo hadi Rironi, karibu na Limuru, ni kilomita 170 hivi: Salgaa, Nakuru, Gilgil, Naivasha, Kinungi, Kimende, Limuru. Ndicho kipande kinachopanuliwa, pamoja na kile cha kilomita 58 cha Naivasha, Mai Mahiu hadi Rironi. Ujenzi ulizinduliwa mwishoni mwa Novemba 2025, na ikikamilika, barabara hii italipiwa. Lami ikiwa pana foleni zitapungua, lakini mlima utabaki palepale na mizani itasoma kilo zilezile.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito kabla ya gunia la kwanza kupanda

Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inahesabu ekseli. Ekseli ya mbele ya usukani hairuhusiwi kuzidi tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi pacha ni tani 10, ekseli mbili zilizofuatana ni tani 18, na tatu zilizofuatana ni tani 24. Kwa hiyo lori la ekseli 2 lina kikomo cha tani 18, lori letu la magurudumu 10 lina tani 26 (8 na 18), na trela la ekseli 6 lina tani 50.

Pima lori likiwa tupu. Usitegemee maandishi ya mlangoni, kwa sababu bodi ikishaongezwa vyuma na mbao, uzito ulioandikwa huwa wa zamani. Tuseme limesoma kilo 10,400. Toa kwenye 26,000, unabaki na 15,600. Kwa sukari ya kilo 50 hayo ni magunia 312, na hapa ndipo wengi hukosea: wanapakia 312.

Lita 300 za diseli zina uzito wa kilo 250 hivi, yaani magunia 5. Dereva na tanboi, yaani utingo, ni kama 150. Tairi la akiba na rimu yake ni karibu 100. Ikiwa lori lilipimwa bila hivyo vyote, kilo 500 zimeshaliwa kabla hujang'oa nanga. Bado hujahesabu turubai linalolowa mvua ya Kericho, ambayo hupenda kunyesha alasiri. Pakia magunia 300, yaani kilo 15,000, ubaki na nafasi ya kilo 600. Mwenye mzigo akilalamika kuhusu yale 12, mwonyeshe hesabu.

Mahindi na viazi vina ujanja wao. Gunia la mahindi linaloitwa la kilo 90 linaweza kusoma 94 kama mahindi hayajakauka vizuri. Pima magunia 10 uliyoyachagua mwenyewe kutoka sehemu mbalimbali za rundo, tafuta wastani, kisha zidisha kwa idadi. Usipime yale ya mlangoni uliyowekewa.

Hatua ya 2: Panga magunia kwa ajili ya ekseli, wala si kwa kujaza bodi

Lori linaweza kuwa na tani 25 kwa jumla na bado likakamatwa kwa sababu ekseli za nyuma zimezidi 18. Kuna nafuu ya asilimia 5 kwenye ekseli mradi uzito wa jumla haujapita kikomo. Kwenye uzito wa jumla hakuna nafuu. Nafuu hiyo iache iwe ya bahati mbaya njiani, usiipakie.

Kosa la kawaida ni wapakiaji kuanzia mlango wa nyuma na kurundika hapo kwa sababu ni karibu na mabega yao. Anzia mbele, ukutani mwa bodi, safu kwa safu, kimo kikiwa sawa hadi nyuma. Ukipima ukaona nyuma kumezidi, hesabu ya kurekebisha ni rahisi: zidisha uzito unaouhamisha kwa umbali unaousogeza, gawanya kwa umbali wa kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya zile za nyuma. Magunia 20 (kilo 1,000) yakisogezwa mbele mita 1.5 kwenye lori la mita 5, nyuma kunapungua kilo 300 na mbele kunaongezeka 300. Basi angalia pia kwamba ya mbele haijavuka tani 8, maana wapo wanaotoa jongoo huku wakiingiza tandu.

Funga mzigo kana kwamba utashuka mlima, kwa kuwa utashuka. Gunia likiteleza mbele Sachangwan, hesabu yako yote ya ekseli inateleza nalo.

Hatua ya 3: Kagua breki Kisumu, na ukague tena Mau Summit

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit iko juu kabisa ya mita 2,400. Kupanda huko kote hakukuambii lolote kuhusu breki, kwa sababu hujazitumia. Ndiyo maana lori linaweza kufika Mau Summit likiwa zima, kisha likaua watu nusu saa baadaye.

Ukifika juu, simama mahali pa wazi. Acha injini ingurume hadi geji ya hewa itulie kwenye kiwango chake, kwa malori mengi kati ya bar 7 na 8. Zima injini, kanyaga breki na uishikilie kwa dakika moja. Mshale ukiendelea kushuka, kuna mahali panapovuja. Tafuta mlio kabla ya kutafuta sababu nyingine. Kisha kanyaga na kuachia mara kadhaa: king'ora kinapaswa kulia hewa ikikaribia 5. Kama hakilii, wewe huna king'ora, una taa ya mapambo. Mwaga maji kwenye matangi ya hewa. Tanboi apite na kugonga kila tairi, hasa la ndani la pacha, ambalo likiisha upepo hufichwa na mwenzake.

Hatua ya 4: Mteremko wa Kibunja, Sachangwan, Migaa hadi Salgaa

Hapa pana makaburi mengi. Januari 2009 lori la mafuta lililoanguka Sachangwan lilishika moto na kuua watu zaidi ya 100. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, wakafa watu 36. Kizuizi cha katikati kilichojengwa baadaye kimepunguza magari kugongana uso kwa uso, lakini hakizuii lori lililoshindwa breki kumparamia aliye mbele.

Chagua gia ukiwa bado juu, mwendo ukiwa mdogo. Kanuni ya zamani ni kushuka kwa gia ambayo ungeitumia kuupanda mlima huohuo na mzigo huohuo. Kwa malori ya sasa yenye injini kubwa, shuka gia moja chini ya hiyo. Washa breki ya eksozi kabla ya mteremko kuanza. Ukichelewa, lori likishaenda kasi, gia ya chini haitaingia na utabaki fri, yaani bila gia yoyote, bila kutaka.

Kuhusu kushuka fri kwa makusudi ili kuokoa diseli, wanaofanya hivyo hawaokoi chochote. Lori likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya akselereta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hukata diseli. Likiwa fri, injini lazima ichome mafuta ili isizimike. Gavana ya mwendo nayo haisaidii: inachofanya ni kubana mafuta lori lisizidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye mteremko kinachosukuma lori ni uzito wake, si mafuta. Gavana haijui kuvuta nyuma.

Breki yenyewe itumie hivi. Amua mwendo wako, tuseme 40. Ukifika 40, kanyaga kwa uthabiti hadi ushuke kwenye 30 hivi, kisha achia kabisa. Rudia. Usiweke mguu juu ya pedali kidogokidogo kilomita nzima, wala usikanyagekanyage haraka haraka. Kuweka mguu mfululizo kunachemsha drami, yaani ngoma ya breki iliyo ndani ya gurudumu. Drami ya chuma ikichemka inatanuka na kuzikimbia laini za breki (vibamba vinavyoisugua drami), kwa hiyo inabidi kisukumio kisafiri mbali zaidi kuzifikia, na laini zenyewe zinapata uso wa kung'aa usioshika. Unakanyaga hadi chini, hewa ipo, lori halisimami. Kukanyagakanyaga haraka nako kunamaliza hewa kuliko kompresa inavyoweza kuijaza, na hewa ikiisha springi za breki ya maegesho zinajifunga zenyewe, pengine gurudumu moja kabla ya jingine.

Ukisikia harufu ya kuungua usijipe moyo kwamba Salgaa si mbali. Shuka gia, toka pembeni, simama.

Salgaa ndipo pa kupumzisha drami, angalau dakika 20. Usivute breki ya maegesho zikiwa moto. Egesha pa tambarare, weka gia na uzuie magurudumu. Usimwagie drami maji, zitapasuka. Pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa: lenye moto kuliko mengine breki yake inakwama, na lililo baridi kuliko mengine breki yake haifanyi kazi, ndilo la kuogopa zaidi. (Na mawe ya kuzuilia magurudumu yaondolewe lami unapoondoka. Jiwe lililoachwa barabarani usiku halijui kwamba liliwekwa kwa usalama.)

Hatua ya 5: Nakuru hadi Naivasha

Kuanzia Salgaa hadi mjini Nakuru barabara imetulia ila magari ya Njoro yanaingia kwa wingi. A8 ikifungwa kati ya Salgaa na Kibunja, njia ya kuzunguka ni Njoro, Elburgon, Molo; ni nyembamba kwa trela.

Mizani iko Gilgil. Ingia kwa mwendo wa polepole na usawa, kwa sababu kukanyaga breki juu ya bamba kunahamishia uzito kwenye ekseli ya mbele na kusomesha vibaya. Ekseli ikizidi huku jumla iko sawa, utaambiwa upange upya mzigo: hapo ile hesabu ya Hatua ya 2 inakuokoa kupakua kwa kubahatisha. Jumla ikizidi, kuna faini na lori haliondoki hadi lipunguzwe. Hifadhi tiketi ya mizani.

Naivasha unachagua. Njia ya juu, Kinungi na Kimende, ina ukungu mzito alfajiri na jioni. Ya chini, Mai Mahiu, ina ukuta wa bonde wenye kona na nafasi finyu. Lori moja likiharibika hapo, nyote mnalala. Mvua kubwa ikinyesha usiku nenda ya juu: Aprili 2024 maji yaliporomoka kutoka upande wa Kijabe na kuua makumi ya watu Mai Mahiu.

Hatua ya 6: Ada

Kiwango kilichotangazwa kwa gari dogo ni shilingi 8 kwa kilomita, kikipanda asilimia 1 kwa mwaka. Mau Summit hadi Rironi ni 170 mara 8, yaani shilingi 1,360. Nakuru hadi Naivasha, kilomita 70 hivi, ni 560. Baada ya miaka 10 ile 8 itakuwa kama 8.84. Kwa kulinganisha, barabara ya juu ya Nairobi (Nairobi Expressway), kutoka Mlolongo hadi Westlands kilomita 27.1, imetoza gari dogo shilingi 500 tangu Januari 2024, zaidi ya 18 kwa kilomita. Lori usilihesabie 8. Magari mazito hutozwa daraja la juu zaidi.

Weka pembeni yake kile unacholipa tayari. Tozo ya matengenezo ya barabara ni shilingi 25 kwa kila lita tangu Julai 2024. Lori likila lita 1 kwa kilomita 4, kilomita 170 ni lita 42.5, na tozo yake ni shilingi 1,062. Ada mpya inakuja juu ya hiyo, haiiondoi. Faida ya kweli itafute kwenye saa: kama safari inapungua saa 3 za foleni, jumlisha diseli ya kunguruma bure na posho ya usiku, kisha uone kama imezidi ada.

Mwenye mzigo akubali kwa maandishi nani analipa ada, kwa kwenda na kurudi. Ada ya namna hii huangalia aina ya gari, haiangalii kama limebeba, kwa hiyo lori tupu linalorudi Kisumu litalipa sawa na lililojaa. Kama ulizoea kurudi mtupu ili uwahi zamu nyingine, piga simu ya kutafuta mzigo wa kurudi ukiwa bado Naivasha.