SOMO: Kumpelekea fundi Lee-Enfield ya zamani aikarabati bila kuiharibu

Wakuu, salaam. Kila mara napata ujumbe uleule: "Nimenunua .303 ya zamani, nimwambie fundi afanye nini?" Naandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa.

Somo ni la ndugu walioko Marekani wanaoruhusiwa kisheria kumiliki bunduki. Naongelea Lee-Enfield Namba 4, bunduki ya jeshi la Kiingereza ya Vita Kuu ya Pili, inayopiga risasi ya .303. Babu zetu wa Keya (King's African Rifles) walikwenda Burma na Lee-Enfield begani, ndiyo maana wengi wetu tunaitafuta hii na si Mauser ya Wajerumani.

HATUA YA 1. Chomoa magazini, fungua bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), tia kidole kwenye chemba (pale risasi inapokaa). Haina risasi? Endelea.

HATUA YA 2. Tafuta fundi mwenye leseni ya serikali kuu, na awe anazijua bunduki za Kiingereza. Bingwa wa bunduki za kisasa si lazima aijue hii. Mpime kwa swali moja: "Kitako unakitoaje?" Akisema anaanza na ile skrubu ndefu iliyo ndani ya kitako, mshukuru uondoke. Mbao ya mbele ndiyo hutoka kwanza. Kwenye baadhi ya hizi bunduki, ncha ya skrubu hiyo ni ya mraba na imebanwa na mbao ya mbele, kwa hiyo ukiizungusha kabla ya wakati mbao inapasuka.

HATUA YA 3. Piga picha mihuri yote na namba zote. Namba iliyo nyuma ya mkono wa bolti ilingane na ya mwili wa bunduki. Zisipolingana, mwambie fundi mapema.

HATUA YA 4. Andika KISICHOGUSWA. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu. Ya kwangu ilitoka kiwanda cha Savage, Chicopee Falls, Massachusetts, zile walizowatengenezea Waingereza wakati wa vita. Nikamwambia fundi maneno manne tu: "Ifanye iwe kama mpya." Akafanya. Akaitia kwenye gurudumu la kung'arishia, kisha akaipaka weusi unaometa kama kiatu cha gwaride. Muhuri wa U.S. PROPERTY ubavuni, ambao ulikuwa unasomeka ukiwa umesimama, sasa nausoma kwa kulaza tochi. Kona za chuma zilizokuwa kali zimekuwa mviringo. Chuma kikishasagwa hakirudi, na fundi sina la kumlaumu kwa sababu nilichoagiza ndicho alichonipa.

Kwa hiyo karatasi yako iseme hivi, na nyote wawili muisaini: gurudumu hapana. Msasa hapana, kwenye chuma wala kwenye mbao. Kupuliza mchanga hapana. Kutoboa tundu la darubini HAPANA. Kila kipande kitakachobadilishwa kirudi kwako kwenye mfuko, hata kama kimevunjika.

Na onyo la rangi: ukiona herufi FTR ubavuni, mara nyingi na mwaka pembeni yake, maana yake bunduki ilifanyiwa ukarabati mkubwa kiwandani baada ya kutumika. Nyingi za hizo zilipakwa rangi nyeusi juu ya chuma. Watu wanaibandua wakidhani ni uchafu wa mmiliki aliyepita, kumbe ni kazi ya jeshi lenyewe. Iacheni.

HATUA YA 5. Apime nafasi kati ya bolti na risasi. Bolti ifunge bila nguvu juu ya geji (kipande cha chuma cha kupimia) ya inchi 0.064, na isifunge juu ya ile ya 0.074. Ikifunga juu ya 0.074, usipige hata risasi moja mpaka irekebishwe.

HATUA YA 6. Mtutu usafishwe kabla ya kuhukumiwa. Mingi inaitwa "imekufa" kumbe ni uchafu wa miaka. Zilizotengenezwa wakati wa vita zinaweza kuwa na mifuo (mistari iliyochongwa ndani ya mtutu) miwili tu badala ya mitano. Si ubovu, usikubali kuuziwa mtutu mwingine kwa sababu hiyo.

HATUA YA 7. Mbao. Kama ya mbele ilikatwa na mtu aliyetaka bunduki nyepesi ya kuwindia, itabidi inunuliwe nyingine, na hapo ndipo pesa inapokwenda. Mbao mpya haivishwi tu kama soksi (nimewaona wanaodhani hivyo). Sehemu za nyuma zinazoegemea mwili wa bunduki lazima zikae sawasawa, na ncha ya mbele iusukume mtutu juu kwa nguvu ya ratili 3 hadi 7. Ukienda kuichukua, shika mtutu karibu na mdomo, uinue kidogo kutoka kwenye mbao: unakubali kwa upinzani, ukiachia unarudi mahali pake. Ukicheza tu, mrudishie fundi palepale.

HATUA YA 8. Baada ya kuijaribu uwanjani, okota maganda. Ukiona mstari unaong'aa unaozunguka ganda karibu na tako, ganda linavutika na liko njiani kukatika. Rudi hatua ya 5.

MASWALI

Mzawa_Kigoma: Mkuu, yote hayo shilingi ngapi?

Jibu: Fundi analipwa kwa saa, na saa zinategemea ulichompelekea. Muulize yeye, akuandikie kabla hajaifungua.

Chuma Chakavu: Nina moja ya mapambo, mtutu umezibwa kwa kuchomelewa. Fundi anaweza kuizibua?

Jibu: Hapana. Ilizibwa ili isipige tena. Itundike ukutani.

Bi Rehema: Asante kwa somo, kaka. Hatua ya 5, nafasi ikizidi inarekebishwaje? Mtutu mzima unabadilishwa?

Jibu: Dada, swali zuri sana. Mara nyingi mtutu hauguswi. Namba 4 ina kichwa cha bolti kinachoweza kufunguliwa na kutolewa chenyewe, na vichwa hivyo vilitengenezwa kwa urefu tofauti, vikapewa namba 0 hadi 3. Nafasi ikizidi, fundi anaweka kirefu zaidi. Ila asiamini namba peke yake, avipime kwa maikromita, maana cha 1 na cha 2 wakati mwingine havipishani. Namba 3 ni adimu na bei yake inauma, kwa hiyo kama tayari ipo kwenye bunduki unayotaka kununua na nafasi bado imezidi, iache. Ndiyo sababu pia hatushauri kuweka bolti ya bunduki nyingine bila kupima.

Mtaalamu Mwenyewe: Haya mambo ya karatasi na saini ni kumtukana fundi. Mimi wangu namwamini tu. Au unamtafutia wako wateja?

Jibu: Sijamtaja fundi yeyote, soma tena. Fundi mzuri anaipenda hiyo karatasi kwa sababu inamlinda na yeye. Wangu wa sasa ndiye aliyeniongezea mstari wa msasa.

Yusufu wa Chuo: Niko huku kwa viza ya mwanafunzi. Naruhusiwa kununua?

Jibu: Mdogo wangu, simama hapo kwanza. Sheria ya serikali kuu inawakataza watu wengi wenye viza za muda hata kushika bunduki au risasi. Kuna misamaha, kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usijitafsirie mwenyewe. Nenda kwa mwanasheria. Mwenye kadi ya kijani hesabu yake ni nyingine. Kosa dogo hapa linakugharimu ukaazi wako.

Mzee wa Moshi: Ukiimaliza unaweza kumletea mzee wako huku?

Jibu: Shikamoo mzee. Haiendi kwenye begi. Huko kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, lazima kibali na leseni kwanza, na huku nako kutoa bunduki nje ya nchi kuna vibali vyake. Nakuletea picha.

Bi Rehema: Swali la mwisho, kaka. Fundi alitaka kitambulisho changu kuiacha dukani. Ni kawaida?

Jibu: Kawaida kabisa. Ikilala dukani lazima aiandike kwenye daftari lake. Ukiifuata mwenyewe anakurudishia bila kujaza tena fomu ya manunuzi.

Kasuku: Mimi napiga risasi za zamani za jeshi, bei poa. Baada ya hapo mafuta kidogo, basi.

Jibu: Mafuta hayatoshi. Fataki za zamani (viwashio vilivyo kwenye tako la risasi) huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, na mafuta hayaiyeyushi. Mimina maji ya moto kwanza, kausha, NDIPO upake mafuta. Na mbao ipakwe mafuta mabichi ya kitani kwa kiganja, kidogo kidogo. Vanishi hapana, kabla hujaniuliza.